Mizani kabla ya sufuria: kazi ya afisa lishe kwenye wodi ya saratani

Afisa lishe wa wodi ya saratani haanzi na chakula. Huanza na mizani, na swali moja ambalo wagonjwa wengi hushindwa kulijibu: kabla ya kuugua ulikuwa na kilo ngapi? Wachache wanajua. Basi hutazama mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya, gauni linalopwaya mabegani, pete iliyohamia kidole cha kati. Huomba kadi za kliniki za zamani na kuulizia picha ya harusi ya mwaka jana iliyomo kwenye simu ya binti. Kazi hii ndiyo yangu, na nayaandika haya kwa wahitimu wa lishe wanaofikiria kuingia kwenye saratani, na kwa ndugu wanaohangaika jikoni bila kujua waanzie wapi.

Uzito wa zamani unatafutwa kwa sababu hesabu yote inategemea hapo. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita, bila kukusudia, tayari yumo katika hali ya kuyeyuka misuli. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 53 amepoteza zaidi ya asilimia 11. Hali hii ni tofauti na njaa ya kawaida. Ugonjwa wenyewe huwasha mwili na kuufanya uile misuli yake, ndiyo maana sahani kubwa peke yake haitoshi kuirudisha, na kila wiki inayopita kabla ya kuanza ni hasara.

Wanaopita bila kuonekana ni wanene. Baba wa kilo 95 akishuka hadi 84 hupongezwa mtaani kwamba amependeza, wakati amepungua kwa kiwango kilekile cha yule wa kilo 60. Mwingine tumbo limejaa maji, mizani inasema uzito haujabadilika, kumbe mabega na mapaja yamekwisha. Kwa hiyo afisa lishe mzuri hugusa: hupima mzingo wa mkono, hutazama mashimo pembeni mwa paji la uso, humwomba mgonjwa amkamate mkono kwa nguvu.

Madaktari nao wanahitaji takwimu hizo. Mgonjwa aliyeishiwa misuli hupata madhara makali zaidi ya dawa za kemo, na dozi huahirishwa. Anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo hutengenezewa kinyago kinachomshika asitikisike. Akikonda sana katikati ya matibabu, kinyago kinalegea na mpango wa mionzi huenda ukabidi kufanywa upya.

Baada ya mizani ndipo zinakuja hesabu za chakula. Mwongozo wa Ulaya unaotumiwa sana unataka kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Yule wa kilo 53 atahitaji takriban kilokalori 1,300 hadi 1,600 na protini gramu 53 hadi 80. Afisa lishe anayeishia kumkabidhi mgonjwa karatasi ya gramu hajafanya kazi yoyote. Lazima aulize: nani anapika, wapi, kwa moto gani, na kwa shilingi ngapi? Anayekuja Taasisi ya Saratani Ocean Road kutoka mkoa wa mbali hukaa Dar es Salaam kwa wiki kadhaa za mionzi, mara nyingi kwa shemeji au kwenye chumba cha kupanga kisicho na jiko. Ushauri usiojua hilo ni maneno matupu.

Wengi huishia kwenye uji. Unanyweka, hauchoshi, na familia huridhika kwamba mgonjwa amekula. Lakini uji mweupe mwepesi karibu wote ni maji, na vikombe vinne kwa siku haviwezi kumshikilia mtu mzima. Uji huohuo ukipikwa kwa maziwa, ukatiwa karanga zilizosagwa na kijiko kikubwa cha mafuta, hubadilika kabisa: kijiko hicho cha mafuta peke yake kina kilokalori zipatazo 120. Yai moja lililopigwa na kuchemka humo ndani huongeza gramu 6 za protini. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wakisagwa unga na kuingizwa kwenye mchuzi wa mboga huzidi makopo mengi ya maziwa ya unga yanayouzwa ghali dukani, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mimi hupiga hesabu ya bei mbele ya familia kabla ya kumwandikia mtu kopo lolote.

Kuna mbinu moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kimea. Watafiti nchini Tanzania waliichunguza miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wanaoanzishiwa chakula, nayo inawafaa sana wagonjwa wasioweza kumeza. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa vizuri na kusagwa. Unapika uji mzito hasa, wa kusimamisha mwiko, unauacha upoe kidogo lakini ubaki wa moto, kisha unakoroga kijiko cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji unalainika na kunyweka, ingawa unga wote bado umo. Uchemshe tena kidogo kuua vijidudu, kwani kinga ya mgonjwa wa kemo huwa imeshuka.

Wanaoihitaji zaidi ni wagonjwa wa saratani ya umio. Ugonjwa huu umetanda upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na wanaofika hospitali wengi wamechelewa. Miongoni mwa vinavyoshukiwa ni vinywaji vya moto mno: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vyenye zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ukimuuliza mgonjwa nini kilianza kukwama, atakupa historia nzima: kwanza nyama, kisha ugali, kisha wali, sasa hata maji yanarudi.

Hapo huja suala la mpira wa kulishia, na hapo afisa lishe anahitaji subira. Familia nyingi huona mpira kama tangazo la kifo. Waelezwe kwamba ni njia tu ya kupitishia chakula wakati matibabu yanaendelea, kisha waoneshwe kwa mikono: chakula kisagwe na kuchujwa, mpira usafishwe kwa maji safi kabla na baada, mgonjwa aegemezwe akiwa ameinua kifua na abaki hivyo angalau nusu saa. Aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula chochote cha maana asijazwe chakula kwa huruma. Mwili uliozoea njaa ukilishwa ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mateka wa vita vya pili vya dunia walikufa hivyo baada ya kukombolewa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo miongozo husema uanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, na vitamini B1 itangulie.

Saratani ya mlango wa kizazi ina shida yake. Mionzi ya nyonga huleta kuharisha, na huko maharage na mboga ngumu hupunguzwa kwa muda, mtindi huchukua nafasi ya maziwa mabichi, maji ya chumvichumvi ya ORS huwa karibu. Kwa mgonjwa wa saratani yoyote, ladha ikigeuka kuwa ya chuma, kijiko cha mti, limau na chakula kilichopoa husaidia. Mke aliyeamka alfajiri kupika supu ikasukumwa pembeni naye aambiwe ukweli: mumewe ameshindwa na harufu, hajamkataa yeye.

Kisha yapo ya mitaani. Sukari hulisha kansa, wanasema; nyama iachwe, maziwa yaachwe. Chanzo chake ni nusu ya ukweli: Otto Warburg, Mjerumani, aligundua miaka ya 1920 kwamba uvimbe hutumia sukari kwa wingi. Lakini mgonjwa akiacha wanga wote, mwili hutengeneza sukari wenyewe kwa kuvunja misuli. Anayebakiwa na juisi ya kiazi chekundu na mchicha anakonda, basi. Majani ya mstafeli nayo hayana ushahidi wa kuponya saratani kwa binadamu, na kisiwani Guadeloupe watafiti waliyahusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson. Haya yazungumzwe kwa heshima, bila kukaripia, kwa sababu aliyeleta majani hayo aliyaleta kwa upendo. Mgonjwa akikaripiwa atakunywa kwa siri, na daktari hatajua.

Upo wakati hesabu zote huwekwa kando. Kifo kikikaribia, mwili hauhitaji tena chakula kingi, na kumlazimisha mgonjwa ni kumtesa. Midomo ilowanishwe, apewe vijiko viwili vya anachokitaka, familia isijilaumu kwamba imemwua kwa njaa.

Wewe mwenye mgonjwa, omba kuonana na afisa lishe siku faili linapofunguliwa, kabla ya mionzi na kabla ya kemo. Nenda na uzito wake wa zamani umeuandika. Mpime kila wiki, asubuhi, kwa mizani ileile, na akipungua kilo mbili ndani ya wiki moja rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.