Ukungu kwenye mahindi

Swali: Mahindi yangu yameota ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyapika sana, sumu si itaisha?

Jibu: Haiishi. Moto huua kuvu, lakini sumukuvu iliyokwisha kuingia kwenye punje haivunjiki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Kuchambua kunasaidia: tupa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu. Kukoboa pia hupunguza sumu. Ila punje safi kwa macho yaweza kuwa nayo. Tena usimpe ng'ombe punje hizo ulizozitupa (najua inauma), maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Msimu ujao, anika juu ya turubai, si udongoni.