Mwaka 1884 Wachezwa Tena Katika Kompyuta

Nataka kuwaeleza jambo nililojifunza muhula huu kwa mchezo ambao wengi wetu hatujauona ukichezwa. Mchezo wenyewe ni besiboli ya Wamarekani, ijapokuwa vijana wa Lugazi, Uganda, walikwenda kuucheza huko huko mwaka 2012. Mmoja arusha mpira, mwingine aupiga kwa gongo, kisha akimbia kuvizunguka vituo vinne. Akirudi salama alipoanzia, timu yake yapata alama moja.

Wamarekani huandika kila tendo la uwanjani. Bwana Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyekufa mwaka 1908, ndiye aliyeieneza sana desturi ya kuchapa hesabu za michezo magazetini. Kwa hesabu hizo programu ya kompyuta yaweza kuuchezesha tena mwaka mzima uliokwisha pita. Si uchawi. Kama mpigaji alifaulu mara 263 katika kila 1,000, kompyuta hubahatisha namba kati ya 1 na 1,000. Ikitokea 263 au chini yake, amefaulu, ikizidi, ametoka. Ni kama kutupa dadu lenye pande 1,000. Kisha huongeza au hupunguza kwa kadiri ya ustadi wa mrushaji.

Mimi nilianza vibaya, maana niliwachezesha watu wa 1884 kwa sheria za leo, na mambo yote yakaharibika. Siku zile mrushaji alisimama umbali wa futi 50. Futi 60 na inchi 6 zilianza mwaka 1893. Tena mpigaji aliweza kudai arushiwe mpira wa juu au wa chini, ruhusa iliyoondolewa mwaka 1887. Warushaji nao walikuwa wachache mno. Charles Radbourn wa Providence alishinda michezo 59 mwaka ule peke yake (wengine huhesabu 60), hata mkono ukamwuma vibaya. Nilipozisahihisha sheria, Radbourn akaanza kushinda. Lakini si mara 59! Nimeurudia mwaka ule mara tatu, na kila mara dadu lilisema neno lake.

Basi, zile 263 nilizozitaja ni za Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa Toledo, mtu mweusi. Alicheza michezo 42 mwaka 1884, akidaka mara nyingi kwa mikono mitupu. Nduguye Weldy alicheza mitano. Baada ya mwaka ule Walker hakurudi tena katika ligi kubwa, na mwezi wa Julai 1887 wakuu wa ligi nyingine, alimokuwa akicheza, walipiga kura wasiidhinishe tena mikataba ya watu weusi. Mlango wa ligi kubwa ulikaa umefungwa mpaka Jackie Robinson alipoingia na timu ya Brooklyn mwaka 1947.

Kompyuta haina habari hiyo. Ilipoingia mwaka 1885 ilimwona Walker kuwa mdakaji mwenye hesabu nzuri, ikampa timu. Mwenzangu wa darasani alikasirika. Alisema, "Mfute. Mtoto wa kidato cha kwanza akiona hivi atadhani hapakuwa na ubaguzi." Nikamjibu kwamba tukimfuta, sisi ndio tutakaomfukuza mara ya pili, na kwa mikono yetu. Tulibishana hata kengele ya chakula ikatupita, nami sikuweza kukanusha kwamba neno lake lilikuwa na kweli.

Mwisho tulimwacha, ila tumebandika karatasi ukutani juu ya mashine, yenye safu mbili: yaliyotokea, na yanayotokea humu. Jana tumefika 1889. Safu ya kwanza yasema kwamba Walker yuko Syracuse, katika ligi ya chini, na kwamba huo ni mwaka wake wa mwisho. Katika safu ya pili ameanza michezo kumi na moja, na kidole kimoja kimeteguka.