Wateja wengi, mfuko mtupu

SWALI: Nina ofisi ya uhasibu Mwanza, tuko watatu. Kazi hazikatiki, lakini ikifika tarehe 25 nahangaikia mishahara. Nitafute wateja zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kwanza jua saa moja ya ofisi yako inakugharimu shilingi ngapi. Watu watatu, saa 8 kwa siku 22, ni saa 528 kwa mwezi. Toa foleni za benki, simu na kusahihisha makosa. Tuseme zinabaki 300 za kumtoza mteja. Kama mishahara (wako umo, wengi husahau), pango, umeme na intaneti ni milioni 6, kila saa inakula 20,000 kabla hujapata faida.

Sasa mwangalie yule anayelipa 300,000 kwa mwezi na kuleta risiti ovyo ndani ya mfuko. Akikumalizia saa 25, ametumia 500,000. Wateja kumi wa namna hiyo watakufilisi huku ukisifiwa kwa uchapakazi.

Andikeni mkataba unaotaja kazi zilizomo. Za ziada zina bei yake. Dai nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Jambo dogo: kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake. Fedha hiyo hupunguza kodi yako ya mapato, nanyi wahasibu ndio mnaoongoza kwa kuisahau.

Wiki hii andika saa za kila mteja. Wa kwanza kupandishiwa bei utamwona mwenyewe.