Mbao za Nyumba Kuukuu si Kuni Zote

Mkulima, ukibomoa nyumba au zizi la zamani katika shamba lako, hubaki rundo la mbao, boriti na nguzo. Mtu hulitazama na kusema, "Hizi ni kuni za bure." Ngoja kwanza. Si kila mti ufaao kujengea wafaa kupikia.

Sumu imo wapi? Nguzo nyingi hutiwa dawa zisiliwe na mchwa wala kuoza. Dawa moja itumiwayo sana huupa mti rangi ya kijani, na ndani yake mna shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu kali, na moto hauimalizi. Nyingine hupanda na moshi, ukavutwa na mama na watoto jikoni. Nyingine hubaki katika majivu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu. Akilamba hayo, aweza kufa. Mbao zenye rangi ya zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru akili za watoto.

Sheria yasemaje? Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 87, yakataza kutupa taka kwa njia ichafuayo mazingira au kudhuru afya ya watu. Nchi nyingine pia zina sheria za namna hii. Ujerumani, tangu 2003, mbao kuukuu hugawanywa katika madaraja manne. Zile zenye dawa kali huchomwa katika mitambo yenye kibali tu, ambako moshi huchujwa. Jiko lako halina chujio.

Ufanye nini?

1. Tenga mbao tupu, zisizo na dawa, rangi wala gundi. Hizo ndizo kuni.

2. Rangi ya kijani hufifia ikawa kijivu. Kama una shaka, usichome.

3. Nguzo nzima zitumie tena kwa ua. Usitengenezee hori la ng'ombe.

4. Vipande vibovu viweke mbali na watoto na mifugo, kisha umwulize afisa wa mazingira wa kaunti mahali pa kuvipeleka.

5. Ukiwa umekwisha kuvichoma, usiyamwage majivu bustanini wala usisugulie vyombo. Yafunike ndani ya chombo, ng'ombe asiyafikie, hata upate shauri la afisa huyo.

Kuni za bure zisije zikakugharimu ng'ombe wa maziwa, au mtoto.