Muuguzi na Kinga ya Maradhi: Somo Kutoka Kagera

Watu wengi humfikiria muuguzi kuwa ni mtu wa sindano na vidonge tu. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuelimisha, ili aliye mzima asiugue. Je, elimu hiyo hufanyaje kazi?

Tarehe 21 Machi, 2023, Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umezuka mkoani Kagera, katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao walifariki. Hapakuwa na chanjo wala dawa mahususi iliyoidhinishwa. Hivyo kinga ilitegemea sana mwenendo wa watu wenyewe.

Virusi vya Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Tuchukue mfano wa jamaa wa Kashai, mjini Bukoba, wanaomwuguza ndugu yao mwenye homa kali wakati wa mlipuko kama huo. Muuguzi akiwaamuru "Msimguse" na kuondoka, yaelekea hawatamtii, kwani kumtupa mgonjwa ni aibu. Muuguzi mwenye busara hufuata hatua nne.

Kwanza, huuliza na kusikiliza: nani anamhudumia mgonjwa, na kwa namna gani?

Pili, hueleza sababu. Kirusi hiki kimefunikwa na utando wenye mafuta. Sabuni huuvunja utando huo, kama inavyoondoa mafuta kwenye sahani.

Tatu, huonyesha tendo jipya la kushika mahali pa lile la hatari: kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kusalimiana bila kushikana mikono, kuwahi kituo cha afya, na kuwaachia wataalamu wenye mavazi ya kinga kazi ya kuandaa maiti.

Nne, hurudi. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizo. Ndiyo maana aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21.

Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni, 2023. Hata hivyo, Januari 2025 ugonjwa ulizuka tena mkoani humo, katika Wilaya ya Biharamulo. Basi elimu ya afya haingoji mlipuko. Huanza watu wangali wazima.

Zoezi: Kwa nini amri bila maelezo haitoshi kubadili mazoea ya watu? Toa mfano kutoka kijijini au mtaani kwako.