Maumivu ya Tumbo Yasiyokoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Tumbo linapouma, wengi wetu huanzia duka la dawa. Mteja hufika akiwa amekwisha kujipangia ugonjwa: "Nipe dawa za vidonda vya tumbo," au "Nipe za taifodi." Maumivu yakitulia kwa muda, hudhani amepona, yakirejea, hurudi dukani. Katika somo hili tunaeleza kwa nini mwenendo huo ni wa hatari, na nini mtumiaji afanye ili chanzo cha maumivu kipate kutafutwa ipasavyo.

Maumivu ni dalili, si ugonjwa

Ndani ya tumbo mna viungo vingi: mfuko wa chakula, ini, nyongo, kongosho, utumbo, figo na kibofu; na kwa mwanamke, mji wa mimba na ovari. Maumivu ya chembe yanaweza kutokana na vidonda vya tumbo, mawe ya nyongo, ugonjwa wa kongosho, na wakati mwingine hata shambulio la moyo. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo nacho ni chanzo cha kufikiriwa. Hivyo basi, dawa iliyomponya jirani si lazima ikufae wewe, hata kama mnaeleza maumivu yenu kwa maneno yaleyale.

Dawa inaweza kuwa ndiyo chanzo

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaumwa mgongo na kwa miezi kadhaa anameza diklofenaki kila siku. Baadaye anaanza kuumwa tumbo, ananunua omeprazoli, na anapata nafuu. Hakuna aliyemwuliza kuhusu dawa ya mgongo, naye hakuitaja kwa kuwa haoni uhusiano wake na tumbo. Lakini diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuchubua ukuta wa mfuko wa chakula, kusababisha vidonda na hata kutoa damu. Mama huyu anatibu kwa mkono mmoja kile anachokijeruhi kwa mkono wa pili.

Omeprazoli nayo, ingawa ina manufaa makubwa, inaweza kutuliza dalili za ugonjwa mzito, ikiwemo saratani ya mfuko wa chakula, na hivyo kuchelewesha utambuzi wake.

Kila kipimo kina mipaka yake

Zamani iliaminika kuwa vidonda vya tumbo hutokana hasa na mawazo na wingi wa asidi. Mwaka 1982, watafiti Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, waligundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ni chanzo kikuu cha vidonda hivyo. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ugunduzi huo ulibadili tiba: mgonjwa aliyekuwa akituliza asidi miaka nenda miaka rudi sasa anaweza kupona kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, ambazo kwa kawaida hutumika kwa siku 14. Hayo ndiyo manufaa ya kujua chanzo.

Hata hivyo, mtumiaji azingatie mambo yafuatayo:

1. Kipimo cha damu cha kingamwili za bakteria huyu kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya mtu kupona. Kipimo cha kinyesi cha antijeni au cha pumzi ndicho huonyesha kama bakteria bado yupo.

2. Omeprazoli iliyotumika ndani ya wiki 2, au antibiotiki ndani ya wiki 4 kabla ya kipimo cha kinyesi au cha pumzi, inaweza kuleta jibu hasi lisilo la kweli. Mweleze mhudumu dawa ulizotumia. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza aliyekuandikia.

3. Kipimo cha Widal kinachofanywa mara moja hakitoshi kuthibitisha taifodi. Kuotesha damu maabara huaminika zaidi.

4. Utrasaundi huonyesha vizuri mawe ya nyongo, lakini haitumiki kuthibitisha vidonda vya tumbo. Hivyo huonekana kwa endoskopia, yaani kamera inayopitishwa mdomoni.

Jiandae kabla ya kumwona daktari

Andika kwenye daftari, kwa muda wa wiki mbili, maumivu yanapoanza, mahali yalipo, muda yanaodumu, chakula ulichokula, hali ya choo na, kwa mwanamke, siku za hedhi. Orodhesha dawa zote, zikiwemo za mitishamba na za maumivu ya viungo. Nenda na majibu ya vipimo vya awali ili usilipie mara ya pili kipimo ambacho hakihitajiki. Kisha uliza: "Unashuku nini? Kipimo hiki kitathibitisha au kuondoa nini? Nisipopata nafuu, nirudi lini?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, ni haki yako.

Vipimo visipoonyesha kitu

Jibu hilo halimaanishi kwamba unajifanya mgonjwa. Utumbo unaweza kuuma kwa sababu ya namna unavyofanya kazi, bila kidonda wala uvimbe, na hali hiyo ina tiba yake. Bakia kwa mtaalamu mmoja anayeijua historia yako, badala ya kuhama kituo hadi kituo ukianza upya. Jihadhari pia na anayekuuzia dawa moja inayodaiwa kutibu kila aina ya maumivu ya tumbo.

Dalili za hatari

Nenda hospitali mara moja ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au chenye damu, tumbo likiwa gumu kama ubao, maumivu makali yakikuanza ghafla, au ukiumwa tumbo nawe ni mjamzito au hedhi imechelewa. Usichelewe pia kumwona daktari endapo unakonda bila sababu, unashindwa kumeza, macho yamekuwa ya njano, au maumivu yanakuamsha usiku.

Hitimisho

Antibiotiki zitumike kwa cheti cha daktari na kwa kumaliza dozi. Dozi nusunusu hujenga usugu wa vimelea. Dawa ikikudhuru, toa taarifa katika kituo cha afya au kwa Mamlaka yetu, na utunze boksi lake. Fedha inayotumika kila mwezi kutuliza maumivu yasiyojulikana mara nyingi ingetosha kugharimia uchunguzi mmoja uliofanywa kwa utaratibu. Kabla ya kununua dawa nyingine ya tumbo, jiulize: je, chanzo cha maumivu haya kimewahi kutafutwa?