Fukusi wa mikaratusi: Tazama majani kabla ya kulipa

Somo la wiki hii linawahusu wasomaji wa Nyanga, Bukoba na Muleba wanaonunua nguzo, na wale walioweka fedha zao kwenye mikaratusi iliyopandwa rweya.

Fukusi wa migomba tunamfahamu: hutoboa tunguu chini ya ardhi. Fukusi wa mikaratusi, mwenye asili ya Australia, hula majani. Ni wa kahawia, ana mdomo uliochomoza, na urefu wake huzidi kidogo sentimita 1. Hutafuna kingo za jani. Mabuu yake, ya manjano na yenye ute, hukwangua jani. Wote hupenda machipukizi ya kileleni.

Hasara iko wapi? Kilele kikiliwa mara kwa mara, mti hudumaa na kutoa matawi mengi badala ya kunyooka. Nguzo iliyopinda huuzwa kama kuni. Isitoshe, muda nao ni fedha. Tuchukue mfano: ulitarajia kuvuna miti ya sh. 2,000,000, mavuno yakachelewa miaka 2. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, fedha hizo ni sawa na kama sh. 1,512,000 katika siku uliyozitarajia. Karibu sh. 488,000 zimekwenda bila mti hata mmoja kufa.

Afrika Kusini ilimgundua mdudu huyu mwaka 1916. Mwaka 1926 ikaleta kutoka Australia nyigu wa kama milimita 1, Anaphes nitens, anayetaga ndani ya mayai ya fukusi na kuyaharibu. Kenya ilimpata fukusi mwaka 1944, nayo ikamleta nyigu huyo mwaka uliofuata. Sehemu nyingi fukusi alipungua sana, ingawa penye baridi kali nyigu hufanya kazi polepole. Hivyo anayepulizia dawa ovyo huweza kumuua mlinzi asiyemlipa mshahara.

Mwaka 2012 wataalamu walionyesha kwamba jina Gonipterus scutellatus lilikuwa likitumika kwa aina kadhaa zinazofanana. Kwa hiyo mdudu atambuliwe kwanza, tiba ifuate.

Mnunuzi na mwekezaji wazingatie haya:

1. Kabla ya kulipia miti iliyosimama, ingia shambani. Kagua vilele na majani machanga, si miti ya kando ya barabara tu.

2. Uliza aina ya mkaratusi. Globulus na viminalis hushambuliwa sana.

3. Ukiona majani yaliyotafunwa kingoni, weka mdudu kwenye chupa umpelekee ofisa misitu wa wilaya kabla ya kununua dawa.

4. Usiweke mtaji wote kwenye aina moja ya mti.

5. Miti yenye vilele vilivyoharibika ipange bei ya kuni, si ya nguzo.

Muuzaji atakuhesabia mashina. Wewe anza kuhesabu kutoka juu.